Miaka Yetu ya Kazi Ihesabiwe: Barua ya Wazi kwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Afrika Mashariki

Waheshimiwa Mawaziri,

Naandika kutoka Kigali, ambako kazi yangu ni kuandaa mishahara katika kampuni ya ujenzi. Kila mwisho wa mwezi hupita mikononi mwangu majina ya watu kutoka karibu kila nchi mnayoiwakilisha: wahandisi Wakenya, wapimaji Waganda, mafundi nondo wa Ngara na Bukoba, mafundi umeme wa Bukavu, maseremala Warundi, na wasaidizi wao ambao hapa tunawaita abayede. Nakata kodi, nakata mchango wa pensheni, napeleka kunakohusika. Kwa kazi hiyo nimeona jambo ambalo naamini liko ndani ya uwezo wenu, na ndilo ninalowaomba: miaka ambayo mtu wa Jumuiya hii ameifanyia kazi nchi moja ihesabiwe anapovuka kwenda nyingine. Ihesabiwe kwenye pensheni yake, na ihesabiwe kwenye haki yake ya kukaa.

Ninyi ndio mlioagizwa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Arusha tarehe 20 Novemba 2009 na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu chake cha 10 kinampa mfanyakazi wa nchi moja mwanachama haki ya kuajiriwa katika nyingine bila kubaguliwa kwa uraia wake, katika mshahara wala katika masharti ya kazi, na kinamwingiza katika hifadhi ya jamii ya nchi anakofanya kazi. Kifungu hichohicho kinalitaka Baraza litoe maelekezo na kanuni kuhusu mafao hayo. Wakati ule tulikuwa nchi 5. Leo tuko 8, baada ya Sudan Kusini, Kongo na Somalia kujiunga. Familia imekua, na yule aliyeahidiwa mwaka 2010 anakaribia kustaafu.

Namzungumzia mmoja wao, fundi nondo. Alianza kazi Mwanza akiwa tayari mtu mzima, akachangia mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania kwa miaka 9. Kisha mkandarasi akamleta Kigali wakati majengo marefu yalipokuwa yanaota kila kilima, akabaki. Hapa amechangia miaka 11. Alipofikisha miaka 60 alikuja ofisini kwangu na bahasha ya kaki iliyojaa hati za mshahara, za Mwanza zimefifia wino, za Kigali zimepangwa kwa miezi na kufungwa kwa mpira. Alitaka nimwambie pensheni yake ya kila mwezi itakuwa kiasi gani.

Sheria ya Rwanda inataka mtu awe amechangia angalau miaka 15 ndipo apate pensheni ya kila mwezi. Sheria ya Tanzania inataka michango ya miezi 180, ambayo ni miaka 15 ileile. Fundi huyu ana miaka 20. Lau angeifanya yote Mwanza, angelipwa pensheni hadi kufa kwake. Lau angeifanya yote Kigali, vivyo hivyo. Kwa kuwa aliigawa, huku anapungukiwa miaka 4 na kule anapungukiwa miaka 6, na anachostahili ni malipo ya mkupuo mara mbili, pande zote mbili. Mkupuo unaezeka nyumba au unalipa deni, kisha umekwisha. Mzee anabaki na uzee wake mbele.

Hakuna aliyemdhulumu. Mifuko yote miwili imefuata sheria yake neno kwa neno. Aliniuliza kama kuna mahali pa kuombea miaka ya Mwanza iungwe na ya Kigali, nikamweleza hakuna. Akazirudisha hati zake kwenye bahasha moja moja, kwa mpangilio uleule, akaondoka. Waheshimiwa, mahali hapo pa kuombea mnaweza kupaanzisha ninyi, wala hapahitaji jengo.

Namna ya kufanya inajulikana, na wahasibu wa mifuko yetu wanaiweza. Mfuko wa kila nchi unajumlisha miaka yote ya mtu, ya kwake na ya jirani, ili kuona kama ametimiza sharti. Akitimiza, mfuko unakokotoa pensheni kana kwamba miaka yote ilikuwa kwake, halafu unalipa sehemu yake tu. Kwa fundi wetu, Rwanda ingelipa sehemu 11 katika 20, Tanzania sehemu 9 katika 20. Hakuna mfuko unaobeba mzigo wa mwenzake, na hakuna fedha inayohitaji kuhamishwa kutoka hazina moja kwenda nyingine.

Waliounda Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya walitia saini Mkataba wa Roma mwaka 1957. Mwaka 1958 tu wakawa wamepitisha utaratibu huu, na kanuni iliyouweka ilikuwa Kanuni yao Na. 3. Wakati huo Waitalia walikuwa wakiteremka migodi ya makaa ya mawe ya Ubelgiji, na watunga kanuni waliona kwamba soko la pamoja linalompokonya mchimbaji uzee wake halitadumu. Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Rwanda, Burundi na iliyokuwa Zaire, sasa Kongo, zilianzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu (CEPGL) mjini Gisenyi mwaka 1976, na mwaka 1978 zikawa na mkataba wa pamoja wa hifadhi ya jamii. Nchi hizo 3 zote leo ni wanachama wa Jumuiya yenu. Wazo hili lilishawahi kuandikwa hapahapa, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, na watu wetu wenyewe.

Najua mtakachojibiwa na wataalamu wenu, kwa sababu ni kweli. Mifuko haifanani. Rwanda na Tanzania hulipa pensheni. Mfuko wa Uganda ni wa akiba: mfanyakazi huchangia asilimia 5, mwajiri asilimia 10, na mtu hupewa chake akifika miaka 55. Viwango vya michango navyo vinatofautiana; hapa Rwanda, tangu Januari 2025, mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 hadi 12 ya mshahara, nusu kwa nusu kati ya mwajiri na mfanyakazi. Lakini tofauti hizi zinazuia mfuko mmoja wa Jumuiya nzima, ambao mimi siuombi. Hazizuii nchi zenye pensheni kuanza kuhesabiana miaka. Wenye mifuko ya akiba wanaweza kuthibitisha vipindi vya kazi kwa barua tu, mtu apate kutimiza sharti la upande wa pili. Waanze wawili walio tayari, wengine wafuate. Hivyo ndivyo Rwanda, Kenya na Uganda zilivyofanya Januari 2014 zilipokubali kitambulisho cha taifa kitumike kuvukia mipaka yao. Kijana wa Kigali alienda Kampala na Nairobi kwa indangamuntu yake tu mfukoni, na hakuna nchi iliyoanguka.

Mwajiri wangu naye anahusika, na nalisema hili wazi. Mchango ukipanda huku mfanyakazi mgeni akijua hatauona uzeeni, mfanyakazi huyo ndiye wa kwanza kuomba asiandikishwe, alipwe mkononi. Nimeombwa hivyo na vijana wenye akili timamu, na nimewakatalia. Ila nawaelewa. Mtu wa Masaka, Uganda, anayepanga kukaa Kigali miaka 6 anaona asilimia zake zikikatwa kila mwezi kama mvua inayonyesha shambani kwa jirani. Wakandarasi wasio waaminifu wanalijua hilo na wanalitumia, na kwa njia hiyo mgeni anakuwa rahisi kuliko mwenyeji. Kisha mwenyeji analalamika kwamba wageni wamemchukulia kazi, na analalamika kwa haki. Kuhesabu miaka ya mgeni ni kumlinda mwenyeji pia.

Sasa nihamie kwenye haki ya kukaa, ambayo ni nzito zaidi, na kwetu Wanyarwanda ina historia yenye majeraha.

Babu zetu walivuka mipaka hii kutafuta kazi kabla Jumuiya haijafikiriwa. Chini ya Wabelgiji, wanaume wengi waliikimbia akazi, ile kazi ya kulazimishwa, na viboko vyake, wakatembea kwa miguu hadi Buganda kulima pamba na kahawa za watu. Wengine waliandikishwa na Union Minière wakapelekwa migodi ya Katanga. Kuanzia mwaka 1937 serikali ya kikoloni yenyewe ilizihamisha familia kutoka Rwanda kuzipeleka Masisi, Kongo, kwa sababu huko mashamba yalihitaji mikono. Kila mara walihitajika, wakaitwa, wakafanya kazi. Halafu siasa zikabadilika. Mwaka 1981 sheria ya uraia ya Zaire iliwavua maelfu ya watu uraia waliokuwa nao. Mwaka uliofuata, Oktoba 1982, Wanyarwanda wa Ankole, Uganda, walifukuzwa majumbani mwao, ng'ombe wao wakachukuliwa. Kilichotokea katika eneo letu baada ya hapo mnakijua, na sehemu yake ilitokana na watu waliokaa mahali miaka mingi bila miaka hiyo kuhesabiwa kitu.

Wala si mambo ya zamani tu. Julai 2013, mkoani Kagera, Tanzania, ilitoka amri kwamba wahamiaji wasio na vibali waondoke kabla ya tarehe 11 Agosti. Septemba ukafuata msako wa wahamiaji hao, Operesheni Kimbunga, katika Kagera, Geita na Kigoma. Zaidi ya watu 10,000 waliingia Rwanda kwa kupitia mpaka wa Rusumo, wengi wakipokelewa katika kambi ya muda ya Kiyanzi, wilayani Kirehe. Miongoni mwao walikuwamo waliozaliwa Karagwe, waliosoma Karagwe, waliooana na watu wa Karagwe, wasiojua Kinyarwanda cha kutosha kununulia chumvi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilikuwa na umri wa miaka 3 wakati huo. Haikumsaidia hata mmoja wao, kwa sababu inasema kwamba ukaazi wa kudumu utafuata sera na sheria za kila nchi, basi.

Siandiki haya kuishtaki Tanzania. Ni nchi hiyohiyo iliyowapa uraia wakimbizi wa Kirwanda zaidi ya 30,000 mwaka 1980, na katika miaka ya karibuni ikawapa Warundi zaidi ya 162,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbilia huko mwaka 1972. Sijui nchi nyingine ya Afrika iliyofanya ukarimu mkubwa kuliko huo. Ndiyo maana naumia kuona kwamba mtu aliyeingia kwa kukimbia risasi anaweza hatimaye kupewa nchi, na aliyeingia kwa jembe na kufanya kazi kwa amani miaka 30 hana ngazi yoyote ya kupanda: hana ukaazi wa kudumu unaotokana na kazi yake wala karatasi inayosema huyu ametufanyia kazi tangu mwaka fulani. Kila mwaka anaanza upya kuwa mgeni.

Serikali yangu nayo ina la kujibu. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, na Wanyarwanda wakazuiwa kwenda Uganda. Ulifunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Kwa karibu miaka 3 watu wa Gicumbi na Burera waliokuwa wakivuka kwenda vibaruani, shuleni, hospitalini na kwa wakwe zao walibaki wakiitazama Kabale kutoka kilimani. Sababu za kiusalama zilitajwa, na katika eneo kama letu usalama si neno dogo. Lakini kibarua aliyeachwa upande wa pili na mshahara wake wa mwezi hakuwa na mtu wa kumdai. Tangu Januari 2024 mpaka wa Burundi umekuwa na hadithi kama hiyo, na Goma, jirani ya Gisenyi, imepita katika vita. Rwanda imefungulia Waafrika wote mlango wa kuingia bila viza, nami najivunia hilo. Ila kuingia ni jambo moja na kukaa kwa haki ni jingine, na mpaka unaoweza kufungwa usiku mmoja unahitaji zaidi, wala si kidogo, sheria inayolinda alichokwisha kukivuna mtu.

Nije kwenye tangazo la Tanzania la Julai 2025, maana hapa Nyamirambo, Kigali, linajadiliwa vijiweni hadi leo. Lilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, kuanzia uwakala wa fedha kwa simu, ukarabati wa simu na saluni, hadi ununuzi wa mazao shambani na uongozaji wa watalii. Adhabu ni faini au kifungo. Naielewa hofu iliyo nyuma yake. Kijana wa soko la Kariakoo asiye na mtaji akimwona mgeni mwenye mtaji mkubwa kafungua kibanda pembeni yake, ana haki ya kuuliza serikali yake iko upande gani. Wengi wa waliolengwa, kwa kadiri tulivyosikia mjadala ulivyoanzia sokoni humo, walikuwa wametoka nje ya Afrika kabisa. Lakini tangazo limesema wasio raia, na asiye raia ni Mchina mwenye kontena, na ni kinyozi Mkongo vilevile, na msusi wa Kigali aliyeolewa Bukoba. Itifaki tuliyosaini pamoja inamtofautisha mtu wa Jumuiya na mtu wa mbali. Sheria ya nchi moja haiwezi kuwaweka kapu moja, halafu tuendelee kuitana ndugu kwenye mikutano.

Na mtaji hauulizwi maswali haya. Benki za Nairobi ziko Kigali na zinastawi. KCB ipo, Equity ipo, na mwaka 2023 Equity iliinunua COGEBANQUE, mojawapo ya benki zetu kubwa. Saruji inavuka Rusumo kwa malori usiku na mchana juu ya daraja lililozinduliwa na Rais Kagame na Rais Magufuli Aprili 2016. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi tumewekewa mikataba ya kutambuliana vyeti tangu mwaka 2011 na 2012. Mimi mwenyewe nanufaika nayo. Jedwali la kazi lililoambatanishwa na Itifaki lilitufungulia sisi wenye vyeti zaidi, likamwacha nyuma mfunga nondo, mpishi, mlinzi, mfanyakazi wa nyumbani, mchuma chai. Hao ndio walio wengi kila ninapofungua daftari la mishahara, na hao ndio watakaozeeka bila chochote.

Kuna jambo ambalo tayari lina hukumu. Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alizuiwa uwanja wa Entebbe na kurudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Alikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Mei 2013 Mahakama iliamua kwamba uanachama wa Jumuiya hauiondolei nchi mamlaka ya kumzuia mtu kuingia, lakini mamlaka hayo lazima yafuate sheria, na mtu aambiwe sababu. Yeye ni wakili, alijua mlango wa kugonga. Kibarua mgeni wa Kibondo, Tanzania, anayeondolewa shambani alfajiri hajui kuwa mahakama hiyo ipo. Nawaomba hukumu hiyo igeuzwe kuwa fomu: kila afisa wa mpakani anayemrudisha mtu wa Jumuiya, na kila ofisi inayokataa kibali cha kazi au kukifuta, iandike sababu kwa lugha anayoielewa mtu huyo, na Kiswahili kinatosha karibu kote, imkabidhi mkononi. Kanuni zenu tayari zinampa mfanyakazi siku 15 za kazi kuomba kibali baada ya kusaini mkataba, na zinaipa ofisi siku 30 kujibu. Zinazoshindwa kujibu ndani ya siku hizo zionekane kwenye taarifa yenu ya mwaka, nchi kwa nchi.

Kuhusu kukaa, mtu wa Jumuiya aliyefanya kazi kihalali katika nchi mwanachama kwa miaka 10 apewe ukaazi wa kudumu bila ada, asifukuzwe ila kwa amri ya mahakama. Siombi awe raia. Uraia ni wa kila nchi kuuamua, na najua Tanzania na Kongo haziruhusu uraia pacha wakati sisi Rwanda, na Kenya, Uganda na Burundi, tunauruhusu. Mwana wa Karagwe asilazimishwe kuchagua baba au mama. Ukaazi wa kudumu unatosha kumpa usingizi. Na wale waliokaa bila vibali kwa miongo kadhaa, wenye watoto, nyumba na makaburi ya wazazi wao huko, wapewe muda wa kujiandikisha kabla mtu yeyote hajagonga mlango wao. Wengi hawakukataa kuandikishwa. Hapakuwa na fomu inayowafaa.

Kuhusu pensheni, wekeni kwenye ajenda ya kikao chenu kijacho kanuni ya kuhesabiana miaka ya michango, ianze na nchi zilizo tayari, na itaje tarehe ya kuanza kutumika. Iwafikie pia ambao wameshastaafu kwa mkupuo kwa sababu tu waligawa maisha yao kati ya nchi mbili, waruhusiwe kurudisha sehemu ya walicholipwa na kuingizwa kwenye pensheni. Fundi niliyemtaja hajachukua mkupuo wake wa Kigali. Ameniambia atasubiri kidogo, huenda mkasema jambo. Nimemwahidi kumpelekea jibu lenu, na anwani yake ya Ngara ninayo.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya,

Mhasibu wa mishahara,
Nyamirambo, Kigali